Baisa Hamsini

Nilirudishiwa chenji kituo cha mafuta, Samail,
na kati ya sarafu tano moja ilinitazama.
Kweli. Niliona jicho, na nyusi iliyonikaa vibaya,
na nyuma yake kipande cha mbingu nyeupe ya Juni.
Baisa hamsini, imepigwa kombo,
jambia limesukumwa ukingoni, ncha imekatika.

Muhenna alisema ni ndimu na majivu.
Sonara alisema ilichovywa fedha, ya kidani.
Mwanangu Azzan alisema bandia, akarudi kwenye simu yake.

Jumatano nikaipeleka Ibra, soko la wanawake,
kwa Ghaliya bint Hamdun, auzaye wanja na bangili za kupima,
ambaye miaka kumi na tisa alikuwa Sharja,
kiwanda cha nishani za shule
na vifungo vya askari wa bendi.
Kazi yake: kusugua mihuri.

Aliishika kwa kucha, ukingoni. Akaiinamisha. Akaipumulia.
"Nani kakwambia ndimu? Ndimu haichagui.
Huu hapa mwezi mwembamba usiopigwa,
umefifia kama ulivyotoka kukatwa.
Inang'aa pale tu chuma kilipofika.
Basi usiiulize sarafu. Kiulize chuma."

Akasogeza kikapu, nikakaa.

"Siku kisahani kinakwama njiani, hakishuki,
muhuri wa juu na wa chini hukutana uso kwa uso
bila kitu katikati. Uzito wote ule.
Kila mmoja humwachia mwenzake alama:
herufi kinyumenyume, ncha ya upanga palipo na tarehe.
Toka hapo kila sarafu huzaliwa na kovu
la ugomvi isioujua.

Mashine inazimwa. Muhuri unaletwa kwangu.
Unga wa almasi, mafuta matone mawili,
kijiti cha mti laini,
duara, duara, duara,
mpaka mkono unasahau ni wa nani.
Kovu linazama. Bapa linabaki kioo.
Sarafu mia za mwanzo, pengine mia tatu,
hutoka na nyuso za bibi harusi;
kisha chuma huchoka,
na zinazofuata ni za kununulia mkate."

Na kombo?

"Kombo ni haraka. Wamewasha tena,
kisahani cha mwanzo hakijakaa sawa.
Makosa mawili, asubuhi moja, na wewe unaniletea ndimu!"

Akacheka, jino la dhahabu likapita.
Kisha akaigeuza juani, kidogo, kidogo zaidi:
chini ya mpini wa jambia, hafifu kama pumzi,
herufi moja imelala kinyume.
"Hii niliiacha," akasema,
kana kwamba muhuri ule ulikuwa wake.
"Ukitaka kufuta yote unakula na maua ya mkanda.
Msimamizi hupenda kioo. Mimi nilijua pa kukoma."

Aliponirudishia niliviona vidole vyake.
Gumba laini, halina mstari hata mmoja.
Walipompiga picha ya kitambulisho,
kile kioo cha kupokea alama kilimkataa mara tatu;
kijana wa dirishani akampa kitambaa afute jasho.
Haikuwa jasho.

Alitaka kuinunua kwa riali mbili. Tatu. Tatu na wanja.
Nikasema hapana, nauza nini, jicho langu?
Nikanunua wanja kwa pesa zenye akili timamu.

Kioo chake cha mkononi kilivunjika Ramadhani.
Kwa hiyo akanishikia ile hamsini, mbele ya uso,
kwa gumba lile na kidole kile,
nikajipaka: jicho la kulia, kisha la kushoto,
moja moja, kwa kuwa hayaenei pamoja,
na kila nilipofumbua
ile herufi ilikuwa imeniingia kwenye mboni,
imepinduka, haijafutika,
na Bi Ghaliya ananiambia nisicheke,
mkono wake utatikisika.